Darasa la Kuazima

4 Machi

Mzee wangu Mkaguzi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya juu mlimani, ile iliyo mwisho wa barabara, uliyoikagua miaka thelathini na sita iliyopita. Anwani yako nimepewa na karani wa posta. Aliniambia kwamba bado uko hai na bado unawakaripia watu wanaojaza fomu vibaya. Nimefurahi kwa yote mawili.

Mwezi wa kwanza niliwapima watoto wa darasa la nne. Haukuwa mtihani. Niliwaita ofisini mmoja mmoja, nikafungua kitabu cha darasa la pili, nikasema: soma. Watoto ni hamsini na wanane. Waliosoma ni saba. Wengine walitazama dari na kukariri walichowahi kukisikia. Mmoja alishika kitabu juu chini, akawa anachezesha midomo mpaka nikamwambia inatosha, mwanangu. Nikaandika saba, nikapeleka wilayani. Tangu siku hiyo shule nzima, mpaka darasa la saba wenye ndevu, tunaanza asubuhi na kitabu cha kwanza.

Ofisa elimu wetu, ambaye walimu humwita Bwana Faili, amenishtaki kwenye bodi kwa kuishushia shule hadhi. Shule nyingine zote za wilaya zimepeleka asilimia tisini kwenda juu. Ushahidi wake ni ukurasa wa daftari la wakaguzi, wino mwekundu, mwandiko wako: "Darasa la nne linasoma vizuri sana. Msichana mmoja mwenye kovu juu ya jicho la kushoto alisoma ukurasa wa kumi na tatu bila kukosea hata neno moja. Shule hii ni kioo cha wilaya." Bwana Faili anasema kioo kilikuwepo, mimi nimekivunja.

Kikao ni tarehe 24 Aprili. Nikiondolewa, mrithi wangu ameshatajwa, na ameshaahidi asilimia tisini na sita kabla hajawaona watoto. Kitabu cha kwanza kitarudi stoo.

Naomba kitu kimoja tu. Walimu wa wakati wako walifanyaje? Nataka kuiga.

Mwalimu Mkuu, shule ya mlimani


12 Machi

Mwalimu Mkuu,

Marahaba. Nakurudishia barua yako. Makosa nimeyazungushia kwa wino unaoufahamu. Alama za mkato umezimwaga kama mtu anayelisha kuku. Kama mwalimu mkuu anaandika hivi, sishangai idadi ya saba. Nashangaa hao saba walimsikiliza nani.

Unauliza tulifanyaje. Tulifanya kazi. Mwalimu wa wakati wangu aliingia darasani na andalio la somo, chaki mbili na shati lililopigwa pasi. Hakuingia na simu iliyojaa picha za harusi za watu asiowajua. Alijua mtoto gani haoni ubaoni na yupi hajala. Ninyi mnajua mshahara umeingia au haujaingia. Mnakwenda semina, mnapewa mkoba wa plastiki wenye maandishi, mnarudi na mkoba.

Huyo Bwana Faili namjua. Alianza akiwa karani wangu wa kupiga mihuri. Hakuwahi kusoma alichokipiga muhuri, na naona tabia hiyo imemfikisha mbali.

Mimi ni mgonjwa. Binti yangu, fundi cherehani anayeniuguza, ananizuia kuandika kwa sababu nikiandika napandwa na hasira na nikipandwa na hasira nakohoa. Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: andaa masomo, fika mapema, acha kulalamika. Daftari la zamani liache lilale.

Mkaguzi (mstaafu)


20 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo tena. Masahihisho nimeyapokea. Ni ya haki, nimeyabandika ukutani ofisini ili walimu wenzangu nao wajifunze kudharauliwa kwa mwandiko mzuri.

Lakini swali langu hukulijibu. Umetukana semina, simu na mikoba, umenitukana mimi, ukafika mwisho wa karatasi bila kunitajia hata mwalimu mmoja wa shule hii aliyemfundisha mtoto kusoma.

Basi nikamuuliza mtu mwingine. Mlinzi wa shule yangu ni mzaliwa wa hapa. Mwaka ule alikuwa darasa la nne, darasa lile lile ulilolisifu. Kila mwisho wa mwezi anasaini kwa dole gumba. Nikamwambia, "Kaka, wewe si ulikuwa kioo cha wilaya?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Kioo? Siku ya mkaguzi sisi tulipelekwa mtoni kuchota mchanga, Mwalimu. Kutwa nzima. Tena tulivuliwa mashati kwanza, na wasichana magauni. Wakaambiwa wajifunge kanga za mama zao."

"Mashati ya nini?"

"Sijui. Jioni tulirudishiwa. Langu lilikuwa linanukia sabuni. Sikuwahi kuwa na shati linalonukia sabuni. Nililala nalo."

Mzee, watoto wa darasa la nne walikuwa mtoni. Wewe uliandika kwamba walisoma vizuri sana. Nani alisoma?

Mwalimu Mkuu


2 Aprili

Mwanangu,

Safari hii sijasahihisha kitu. Unaona mwandiko unavyotetemeka, ndio uliobaki. Daktari amemwambia binti yangu kwamba zimebaki wiki, si miezi. Walinong'onezana mlangoni, kana kwamba masikio yangu nayo yamestaafu. Kwa hiyo nakujibu.

Jumatatu ya wiki ile nilipanda mlimani peke yangu bila kutoa taarifa. Nikamwita mtoto mmoja wa darasa la nne, nikamfungulia ukurasa wa kumi na mbili, habari za mbuzi aliyeingia bustanini. Akasoma kama maji. Nikafungua ukurasa wa kumi na tatu, habari za kisima. Akasoma vilevile kama maji: mbuzi aliingia bustanini. Kidole kinatembea juu ya kisima, mdomo unatafuna mchicha. Nikakigeuza kitabu juu chini. Mbuzi akaendelea kula. Darasa zima likawa linatingisha vichwa kwa fahari, na mwalimu wao, aliyekuwa akifundisha madarasa matatu katika chumba kimoja na kitabu kimoja, akanitazama kama mtu anayengoja hukumu.

Nilishuka, nikamweleza mkuu wangu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Akasema, "Hali hiyo ipo, ila haiandikiki. Mgeni wa wizara anakuja mwezi ujao na atasoma ripoti. Na wewe si ndiye unayeitaka ile nyumba yenye bomba ndani?"

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wa aina yangu hujificha. Sikuamrishwa. Mkuu alitaka ripoti nzuri tu. Wazo la lori lilikuwa langu. Nilichukua watoto kumi kutoka shule ya mjini, watoto wa makarani na wauguzi, watoto wanaokuta gazeti nyumbani. Lori la idara ya barabara likawapandisha mlimani kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, shule nne, kila siku moja. Walimu wakuu wa shule hizo waliambiwa wawaondoe watoto wao na waache sare. Mimi nikaingia darasani na daftari langu, nikawasikiliza watoto niliowaleta mwenyewe, nikaandika "vizuri sana". Mara nne. Chakula cha mchana nililishwa ofisini, na niliwakosoa wapishi.

Utaniuliza kwa nini. Nyumba ya bomba ni sababu, lakini ni sababu ya kuwaambia watu. Ukweli ni kwamba niliwadharau. Nilimtazama yule mtoto aliyeshika kitabu juu chini nikajiambia, huyu hata akisoma atasoma nini, lebo ya gunia? Nilikuwa mtu wa Kiswahili safi na soksi ndefu. Watoto wa mlimani kwangu walikuwa wachota mchanga waliokalishwa kwenye madawati kimakosa. Kuwarudisha mtoni siku ile hakukunisumbua. Nililala usingizi.

Kilichofuata sikukitazamia, na mkaguzi alipaswa kukitazamia. Mwaka uliofuata wilaya ilipata walimu wapya na masanduku ya vitabu. Shule zenu nne za mlimani hazikupewa hata ukurasa. Kwa nini zipewe? Zilikuwa vioo. Vitabu vikapelekwa kwa wasiojua kusoma, na wasiojua kusoma, kwa mujibu wa mkono wangu, hawakuwa ninyi. Mlinzi wako anasaini kwa dole gumba kwa sababu mimi niliandika kwamba anajua kusoma.

Kuna jambo moja la kukusaidia. Yule msichana mwenye kovu alisoma kweli. Nilimwandika katika daftari la kila shule, sentensi ileile, tarehe nne zinazofuatana. Nilijidanganya kwamba huo ulikuwa ujasiri: mtu mmoja ofisini akisoma madaftari yote manne atauliza, imekuwaje msichana mmoja awe mwanafunzi wa shule nne? Nikangoja kukamatwa. Nilingoja mpaka nikastaafu. Ripoti za kusoma hazikusomwa na mtu hata mmoja.

Yakusanye hayo madaftari. Barua hii iwekee bodi mezani. Ila msichana mwenyewe msimtafute.

Mkaguzi


9 Aprili

Mzee,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kisha nikatoka nje nikakaa na mlinzi. Sikutukani. Umejitukana vizuri kuliko ninavyoweza.

Madaftari nimepata matatu. La nne limeliwa na mchwa, wamebakisha jalada. Sentensi ipo, yote matatu, Jumanne, Jumatano, Ijumaa. Nikayapeleka kwa Bwana Faili pamoja na barua yako, nikidhani kikao kitafutwa. Hakuisoma barua. Aliitazama.

"Mwandiko huu si wake," akasema. "Mwandiko wa mzee ulikuwa umenyooka."

"Anaumwa, Bwana."

"Basi tena! Mtu anaumwa, kichwa kimeruka, unamwandikisha vitu. Na hawa wasichana wa kovu, mama, kwani kovu linauzwa duka moja? Watoto wa mlimani wanaanguka kila siku."

Kisha akaniambia, kwa upole wa mtu aliyeshinda, kwamba bila shahidi aliye hai na anayesimama kwa miguu yake, hayo yote ni hadithi za bibi.

Zimebaki siku kumi na tano. Najua umenikataza. Msichana yule ni nani?

Mwalimu Mkuu


15 Aprili

Mwalimu,

Ni binti yangu.

Yuko chumba cha pili, nasikia cherehani. Alikuwa na miaka tisa. Kovu alilipata kwenye kona ya meza yangu ya kazi. Nilimtoa shuleni siku nne na kumwambia wanakwenda kutembelea rafiki wa mlimani, na kwamba awasomee ili wafurahi. Aliniuliza gauni alilovalishwa, lenye kiraka mgongoni, ni la nani. Nikamwambia ni la shule.

Hajui. Kwake hiyo ni wiki nzuri kuliko zote za utoto wake. Amewasimulia wanawe mara ngapi: lori, upepo, baba amesimama nyuma ya darasa akimtazama yeye peke yake. Sikuwa baba wa kumtazama mtoto. Siku nne zile nilimtazama. Hicho ndicho alichonacho kwangu, na hicho ndicho unachotaka nimnyang'anye, huku yeye ndiye anayenigeuza kitandani.

Niliandika hapa kukataa. Nimeifuta sentensi hiyo.

Barua zangu zote anazipeleka posta yeye. Hazisomi, nilimlea hivyo. Hii sitaibandika gundi. Nitaiacha wazi juu ya meza ya cherehani, pamoja na barua zako zote, na juu yake nitaandika jina lake badala ya lako. Akishasoma, ataamua mwenyewe kama utaipata.

Mimi nimeshindwa kumwambia kwa mdomo. Miaka thelathini na sita, na bado napeleka ripoti.

Baba yake


26 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimebaki.

Najua binti yako ni mtu wa maneno machache, huenda hajakusimulia, kwa hiyo nakusimulia mimi. Bodi walikuwa saba, meza ndefu, chupa za maji. Bwana Faili alisoma mashtaka kwa nusu saa. Alipofika kwenye "kioo cha wilaya" akainua kidole. Ndipo mlango ukafunguka, akaingia mwanamke na tepu ya kupimia bado iko shingoni.

Bwana Faili akasema, "Mama, hiki ni kikao. Wewe ni nani?"

"Mimi ni darasa la nne," akasema. "La shule nne."

Mwenyekiti akamwambia aeleze. Hakueleza. Alisogea mezani, akawaonyesha jicho la kushoto, akaweka barua yako ya tarehe 15 mbele yao, kisha akasimama wima, mikono nyuma, na akausema ukurasa wa kumi na tatu: "Kisima cha shule kina maji matamu. Dada aliteremsha ndoo. Ndoo ilidondoka, kamba ikabaki mkononi." Mpaka mwisho. Mlinzi wangu, niliyekuja naye, alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza. Akaniuliza kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia, "Kumbe palikuwa na kisima? Sisi tulijua mbuzi tu."

Mwenyekiti akamwomba Bwana Faili asome kwa sauti madaftari matatu, moja baada ya jingine. Akasema hana miwani. Akapewa miwani. Akasoma sentensi ileile mara tatu, kila mara polepole zaidi, na naapa, Mzee, ilikuwa mara yake ya kwanza kuisoma.

Usidhani wameona haya. Wameandika kwamba takwimu zangu "zinapokelewa kwa masikitiko" na kwamba nitaendelea "kwa muda". Bwana Faili amebaki na kiti chake. Akatangaza ukaguzi mpya wa wilaya nzima, tutajulishwa tarehe mapema tujiandae. Binti yako, akiwa ameshafika mlangoni, akageuka: "Na lori mtaleta ninyi au tutafute wenyewe?" Wajumbe wawili walikunywa maji.

Jana niliwapima tena. Kumi na tisa.

Mwalimu Mkuu


6 Mei

Mwalimu Mkuu,

Baba amefariki Jumamosi. Tumeshamzika. Walikuja watu wa ofisi ya elimu, Bwana Faili akasoma wasifu wake kwenye karatasi. Alitaja vioo.

Usinishukuru kwa kikao. Sikuja kwa ajili yako. Nilitaka kuwaona watu waliosoma yale madaftari, nikakuta hawapo.

Nina ombi moja. Muulize mlinzi wako gauni lile lenye kiraka mgongoni lilikuwa la nani. Atakumbuka nani alijifunga kanga ya mama yake. Kama yupo bado, nipe vipimo vyake, mabega, kifua na urefu. Kama hayupo, nipe jina lake tu.

Barua yako ya mwisho ilifika Alhamisi, nikaisoma kwanza mimi. Macho ya baba yalikuwa yamekwisha, hakuwa anaona hata dirisha, na alikuwa hataki tujue. Akaniambia, "Nisomee, mama." Hakuwahi kuniita mama. Tangu siku ya meza ya cherehani tulikuwa hatujasemezana ila kuhusu dawa. Nikamwambia, "Nimeshakusomea sana. Soma mwenyewe, Mkaguzi." Nikampa karatasi na miwani yake.

Akaishika juu chini. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo inacheza, uso umeelekea dari. Nikasimama mlangoni nikamwangalia. Hatua mbili tu ningefika, niigeuze karatasi, nimwambie kumi na tisa. Alifika mwisho, akaikunja vizuri, akasema, "Vizuri sana."

Sikuigeuza.

Binti yake